Mafuta ya zeituni yanastahili bei yake?

KATIKA maduka makubwa ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, rafu ya mafuta ya kupikia huwa na sura mbili. Upande mmoja yamepangwa madumu ya plastiki ya lita tatu, tano na kumi, ya alizeti au ya mawese, ambayo mnunuzi huyabeba bila kufikiri sana. Upande wa pili zimesimama chupa za kioo cheusi au cha kijani zenye picha ya tawi la mzeituni, na kikaratasi cha bei kilichobandikwa chini yake humfanya mtu asome mara ya pili. Lita moja iliyomo humo hugharimu mara kadhaa ya lita moja ya alizeti.

Mafuta hayo si mageni kabisa Afrika Mashariki. Watu wa pwani wamekuwa wakiyanunua katika vichupa vidogo kwa ajili ya kupaka nywele na kuwakanda watoto wachanga. Katika makanisa mengi hutumika kama mafuta ya upako, na Waislamu wanaujua mzeituni kuwa ni mti uliotajwa katika Kurani. Jambo jipya ni kuyaona yakiingia sufuriani, tena kwa sababu za afya. Wengi wanaosimama mbele ya chupa hizo hawakuvutwa na ladha. Wametoka kliniki wakiwa wameambiwa kwamba shinikizo lao la damu limepanda, au majibu ya maabara yameonyesha lehemu nyingi katika damu, na jirani, ndugu au mtu fulani redioni amewaeleza kwamba dawa ni kuacha mafuta ya kawaida na kuhamia ya zeituni.

Swali linalowakabili basi ni la afya na la mfuko kwa pamoja. Jibu lake, kwa kadiri utafiti wa zaidi ya miaka 60 unavyoonyesha, ni kwamba mafuta ya zeituni ni mazuri kweli, lakini sehemu kubwa ya uzuri huo inapatikana pia katika dumu la bei nafuu lililo upande wa pili wa rafu.

Sifa zilianzia Krete

Sifa za mafuta haya katika tiba ya kisasa zilienezwa na mwanasayansi wa Marekani, Ancel Keys, ambaye mwaka 1958 alianzisha utafiti wa kuwafuatilia wanaume zaidi ya 12,000 wenye umri wa kati ya miaka 40 na 59 katika nchi saba: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia ya wakati ule, Ugiriki na Japani. Matokeo yaliyowashangaza wengi yalitoka katika kisiwa cha Krete, nchini Ugiriki. Wakulima wa huko walikuwa wakila mafuta mengi, kiasi cha asilimia 40 ya nguvu yote waliyoipata katika chakula, na bado vifo vya mshtuko wa moyo vilikuwa nadra mno miongoni mwao. Mashariki mwa Finland, ambako watu walikula mafuta ya kiasi kinachokaribiana na hicho lakini kutoka katika maziwa na siagi, moyo ulikuwa ukiua wanaume kuliko mahali pengine popote palipochunguzwa.

Watafiti waliokuja baadaye wameukosoa utafiti huo, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Mkulima wa Krete wa miaka ile hakuishi kwa mafuta peke yake. Alitembea milimani kutwa, alikula maharage, dengu, matunda na mboga za porini, nyama aliipata kwa nadra, na mifungo ya kanisa lake ilimzuia kula vitu vya wanyama kwa siku nyingi za mwaka. Kumtoa mtu huyo jasho lake na mboga zake, kisha kubakiza chupa ya mafuta na kuipa sifa zote, ni hesabu ya kibiashara zaidi kuliko ya kisayansi.

Hata hivyo, kilichomo ndani ya mafuta yenyewe kinaeleza sehemu ya siri hiyo. Zaidi ya nusu ya mafuta ya zeituni, na mara nyingi kiasi cha robo tatu, ni asidi ya oleiki. Aina hiyo ya mafuta ikichukua nafasi ya mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoelekea kuganda kama siagi na shahamu ya ng'ombe, hupunguza katika damu ile lehemu mbaya inayojijenga kwenye kuta za mishipa. Mafuta ya daraja la juu yana kitu cha ziada: viambato vya mmea viitwavyo polifenoli, ambavyo hulinda mafuta yaliyomo katika damu yasiharibiwe na oksijeni. Umoja wa Ulaya unawaruhusu wauzaji kutangaza faida hiyo, ila kwa mafuta yenye angalau miligramu tano za viambato hivyo katika kila gramu 20.

Kimojawapo kati ya viambato hivyo ndicho kinachofanya mafuta mazuri ya zeituni yawashe kooni, hata mtu akakohoa. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Gary Beauchamp lilieleza katika jarida la Nature kwamba kiambato hicho, oleokanthali, hufanya kazi mwilini kwa njia inayofanana na ya dawa ya maumivu ya ibuprofeni. Habari hiyo ilienea haraka, lakini hesabu iliyoandamana nayo haikuenea. Gramu 50 za mafuta kwa siku, ambazo ni zaidi ya vijiko vitatu vya chakula, zingempa mtu kiasi cha asilimia 10 tu ya dozi ya mtu mzima.

Utafiti mkubwa wa Hispania

Ushahidi unaotajwa zaidi siku hizi ni wa Hispania. Watafiti wakiongozwa na daktari Ramón Estruch waliwachukua watu 7,447 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo lakini walikuwa katika hatari kubwa ya kuupata, wengi wao kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au uvutaji wa sigara. Waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilishauriwa kula chakula cha nchi za Mediterania na kupewa bure mafuta ya zeituni ya daraja la juu, lita moja kwa wiki kwa kila familia. La pili lilipewa ushauri uleule, lakini badala ya mafuta likapewa jozi, lozi na hazeli. La tatu lilishauriwa kupunguza mafuta ya kila aina.

Baada ya miaka karibu mitano, watu waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kilichotokana na moyo walikuwa asilimia 3.8 katika kundi la zeituni, 3.4 katika kundi la jozi na lozi, na 4.4 katika kundi la tatu. Watafiti walikadiria kwamba hatari ilipungua kwa takriban asilimia 30 baada ya kuzingatia tofauti nyingine, na nafuu iliyokuwa wazi zaidi ilikuwa katika kiharusi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, lakini mwaka 2018 watafiti wenyewe waliyaondoa na kuyachapisha upya baada ya kugundulika kwamba ugawaji wa makundi haukufanyika kwa kura katika kila kituo. Kuna familia ambazo watu wake wote waliwekwa kundi moja, na katika kituo kimoja kliniki nzima ziliwekwa pamoja. Hesabu mpya ilitoa jibu lilelile kwa ujumla, ingawa lilisemwa kwa tahadhari zaidi.

Mambo mawili katika utafiti huo hayasemwi sana na wauzaji. La kwanza ni kwamba waliopewa jozi na lozi walipata nafuu ya kiasi kilekile na waliopewa mafuta ya ziada. La pili ni kwamba wote walikuwa watu wa Hispania, waliokwishazoea zeituni tangu utoto, wakila samaki, dengu na mboga kwa wingi. Utafiti huo haukumpima mtu anayekula chipsi na soda mchana, kisha akanyunyizia mafuta ya zeituni katika chakula cha jioni.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, habari muhimu zaidi ilitoka Marekani mwaka 2022. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichambua kumbukumbu za wanawake na wanaume zaidi ya 90,000, wengi wao wauguzi na watumishi wengine wa afya, waliofuatiliwa kwa miaka 28. Waliokuwa wakitumia zaidi ya nusu kijiko cha chakula cha mafuta ya zeituni kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho, kwa asilimia 19, wakilinganishwa na wale ambao hawakuyatumia kabisa au waliyatumia kwa nadra. Hapo ndipo vichwa vingi vya habari vilipoishia. Lakini watafiti hao walikwenda mbele na kuuliza: mtu akiyaweka mafuta ya zeituni mahali pa nini? Yalipowekwa mahali pa siagi, majarini au mafuta ya maziwa, hatari ilipungua. Yalipolinganishwa na mafuta mengine ya mimea kwa pamoja, hapakuonekana tofauti ya maana.

Sharti kama hilo lilikuwa limewekwa tayari na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA. Mwaka 2004 mamlaka hiyo iliruhusu maandishi kwenye chupa yanayosema kwamba vijiko viwili vya chakula kwa siku huenda vikapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, huku ikilazimisha yaongezwe maneno kwamba ushahidi huo ni finyu na haujakamilika, kwamba mafuta hayo yachukue nafasi ya mafuta yaliyoshiba, na kwamba yasiongeze jumla ya kalori anazokula mtu kwa siku.

Sharti la mwisho lina maana kubwa kwa wale wanaokunywa kijiko kizima kila asubuhi kama dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya zeituni, ya alizeti au ya nazi, kina karibu kilokalori 120. Hakuna mafuta mepesi katika jambo hilo. Anayeongeza vijiko viwili kwa siku bila kupunguza kitu kingine anajiongezea uzito, na uzito huo ni miongoni mwa mambo yanayopandisha shinikizo alilokuwa akilikimbia.

Dumu la upande wa pili

Ili kujua kama inafaa kulipa mara kadhaa, ni lazima kwanza kutazama familia inatumia nini hivi sasa. Katika mafuta ya zeituni, sehemu iliyoshiba ni kiasi cha asilimia 14. Katika alizeti ni asilimia 11 hivi, pungufu ya ile ya zeituni. Katika mawese hufikia karibu nusu, katika siagi ni nusu, katika samli ni zaidi ya hapo, na katika mafuta ya nazi hupita asilimia 80. Kwa vitamini E, alizeti inaizidi zeituni karibu mara tatu.

Kwa hiyo familia inayopika kwa mafuta ya kuganda, samli au majarini ngumu ina sababu ya kweli ya kubadilika. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu katika chakula, na mwaka 2018 lilizitaka nchi zote kuyaondoa katika vyakula mafuta ya trans yanayotengenezwa viwandani, ambayo hupatikana hasa katika mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa haidrojeni. Familia ya namna hiyo ikihamia zeituni itapata nafuu. Ikihamia alizeti nayo itapata nafuu inayokaribiana, na fedha itakayobaki itatosha kununua dagaa, maharage na matunda.

Familia inayotumia tayari alizeti ya maji haina pengo kubwa la kuziba. Habari zinazosambaa katika mitandao kwamba mafuta yote ya mbegu ni sumu na husababisha uvimbe ndani ya mwili hazikubaliani na tafiti zilizofanywa kwa watu. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2009 kwamba asidi za omega-6, ambazo alizeti inazo kwa wingi, ni sehemu ya chakula kinacholinda moyo, na mwaka 2017 kikarudia kushauri mafuta yaliyoshiba yabadilishwe kwa mafuta ya mimea ya namna hiyo. Tamko hilo la pili halikuyasifu mafuta ya nazi, jambo lililowaudhi wengi. Kwa wapishi wa pwani, hata hivyo, tui linalotiwa katika samaki wa kupaka mara moja kwa wiki ni suala tofauti na kukaangia mafuta ya nazi kila siku.

Kuna familia ya tatu, nayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote mijini: inayonunua mafuta ya maji yasiyo na jina la mmea, yaliyoandikwa tu kuwa ni mafuta ya kula au ya mboga. Mara nyingi hayo ni mawese yaliyosafishwa yakatengwa sehemu isiyoganda. Ni maji chupani Dar es Salaam, lakini asubuhi ya Julai mjini Njombe au Limuru huanza kuwa na ukungu na kuganda chini. Sehemu yake iliyoshiba bado ni zaidi ya theluthi. Mama wa nyumbani anayesoma kibandiko cha nyuma na kuchagua dumu lililoandikwa alizeti tupu amefanya badiliko la maana bila kugusa chupa ya kioo.

Alizeti nayo ina mashaka yake, na haifai kuyaficha. Ile inayouzwa kando ya barabara kuu mkoani Singida, katika chupa za plastiki zilizopangwa juani kutwa, huharibiwa na mwanga na joto kabla haijafika Dar es Salaam. Ununue palepale, lakini muuzaji aitoe ndani, kivulini.

Gharama ya dozi

Tuseme familia ya watu watano imeamua kufuata kile kipimo cha vijiko viwili kwa kila mtu kwa siku. Vijiko viwili ni karibu mililita 30. Kwa watu watano ni mililita 150 kwa siku, na kwa mwezi ni lita nne na nusu. Katika nyumba nyingi za mijini, bei ya lita nne na nusu za mafuta ya zeituni inaingia katika fungu moja na kodi ya chumba au ada ya shule.

Ughali huo hautokani na tamaa ya wauzaji peke yake. Lita moja ya mafuta huhitaji kiasi cha kilo tano za zeituni, na mti unaozizaa hukua polepole katika nchi zenye baridi ya wastani na kiangazi kikavu. Hispania peke yake hutoa sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote duniani, kwa hiyo mvua ikikosekana huko, bei hupanda kila mahali. Hilo lilionekana baada ya ukame wa 2022, pale mavuno ya msimu wa 2022/23 yaliposhuka hadi chini ya nusu ya yale ya msimu uliotangulia. Mwanzoni mwa 2024 bei ya jumla nchini Hispania ilipita euro 9,000 kwa tani. Ilishuka sana baada ya mavuno mazuri ya msimu wa 2024/25. Barani Afrika mzalishaji mkubwa ni Tunisia, ambayo kwa miaka mingi imeuza mafuta yake mengi kwa Italia na Hispania bila kuyatia katika chupa zake, ndiyo maana chupa yenye jina la Kitaliano inaweza kuwa na mafuta yaliyokamuliwa Afrika.

Anayelipa bei hiyo anapaswa kujua analipia nini. Daraja la juu, linaloandikwa ekstra vajini, ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine bila dawa wala moto mkali, yenye asidi huru isiyozidi asilimia 0.8 na yasiyo na dosari katika harufu na ladha. Hayo ndiyo yenye polifenoli. Chupa iliyoandikwa tu kuwa ni mafuta ya zeituni, au ya zeituni mepesi, mara nyingi ina mafuta yaliyosafishwa kiwandani kisha yakachanganywa na kiasi kidogo cha daraja la juu. Wepesi huo ni wa rangi na ladha. Kalori ni zilezile. Chini zaidi yapo yanayotolewa katika mashudu ya zeituni kwa kutumia kiyeyushi cha kemikali. Madaraja haya ya chini si hatari kwa afya, lakini asidi ya oleiki ndiyo karibu yote iliyobaki humo, na kuyalipia kwa bei ya juu ni kulipia picha ya tawi.

Udanganyifu nao ni wa siku nyingi. Mkasa mbaya kuliko yote ulitokea Hispania mwaka 1981, pale mafuta ya mbegu yaliyokusudiwa kwa matumizi ya viwandani, yakiwa yametiwa kemikali ya anilini, yalipouzwa mitaani kama mafuta ya zeituni. Watu wapatao 20,000 waliugua na mamia walikufa. Siku hizi udanganyifu wa kawaida ni mpole zaidi: mafuta ya daraja la chini au yaliyochacha huandikwa daraja la juu. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha California mjini Davis kilipima sampuli za mafuta yaliyoingizwa kutoka nje na kuuzwa katika jimbo hilo kama ekstra vajini, na asilimia 69 zilishindwa kufikia viwango vya harufu na ladha.

Kwa mnunuzi asiye na maabara, ishara ni chache lakini zinasaidia. Chupa iwe ya kioo cheusi au bati, si plastiki angavu. Iwe na tarehe ya mavuno, au angalau tarehe ya mwisho iliyo mbali. Isiwe ile iliyosimama mbele ya dirisha la duka, wala ile yenye vumbi. Mafuta mazuri hunukia majani mabichi au tunda bichi, huwa na uchungu kidogo na huwasha kooni. Yakinukia kama karanga za zamani au rangi ya mafuta, yameharibika. Lile jaribio maarufu la kuiweka chupa katika jokofu na kutazama kama mafuta yataganda halithibitishi chochote, kwa kuwa mafuta halisi hutofautiana na ya mbegu nyingine huweza kuganda pia.

Karai na kachumbari

Wapo wanaoogopa kwamba mafuta ya zeituni yakipata moto hugeuka sumu. Hofu hiyo haina msingi. Ya daraja la juu huanza kutoa moshi yanapofikia takriban nyuzi 190 hadi 210 za Selsiasi, na karai la maandazi au samaki kwa kawaida huhitaji kati ya 170 na 180. Wahispania wameyakaangia vizazi na vizazi. Kinachofanya jambo hilo lisifae ni fedha: harufu na sehemu ya polifenoli hupotea katika moto, na lita nzima ya mafuta ghali hutumika kufanya kazi ambayo alizeti ingeifanya vilevile.

Hatari ya karai iko kwingine. Mafuta ya aina yoyote yanayochemshwa siku tatu mfululizo hadi yakawa meusi na mazito, kama yanavyoonekana katika baadhi ya vibanda vya chipsi, yana madhara ambayo jina la mmea haliwezi kuyafuta. Na kipimo cha mkono nacho kina lake. Nusu kikombe kinachomiminwa katika sufuria moja ya maharage ya kuunga ni zaidi ya kilokalori 1,000, kabla ya maharage yenyewe kuhesabiwa.

Kuhusu shinikizo la damu, ambalo ndilo linalowapeleka wengi kwenye rafu hiyo, chumvi ina neno kubwa zaidi kuliko mafuta. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo katika mkate na viungo vya paketi. Hakuna utafiti wowote kati ya hii iliyotajwa uliomruhusu mgonjwa kuacha vidonge vyake kwa sababu amenunua mafuta ya zeituni. Anayefanya hivyo anaweza kujisikia vizuri kwa wiki kadhaa, kwa kuwa shinikizo halina maumivu, hadi siku litakapompata la kumpata.

Kuna mzaha mdogo katika habari ya kuwakanda watoto. Utafiti uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulipaka mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi za watu wazima na kulinganisha. Ya zeituni yalidhoofisha utando wa juu wa ngozi. Ya alizeti hayakufanya hivyo.

Kwa mwenye uwezo kidogo na hamu ya ladha, njia inayoleta maana ni chupa ndogo ya daraja la juu kwa vyakula visivyopikwa, au kutiwa wakati sufuria imeshateremshwa: juu ya kachumbari, parachichi, mchicha uliochemshwa, dengu, samaki wa kuchoma. Chupa ya mililita 250 ina vijiko vya chai 50. Kijiko kimoja katika bakuli la kachumbari la familia kila siku huifanya idumu zaidi ya mwezi mmoja na nusu, na muda huo unafaa, kwa sababu katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mafuta yaliyokwishafunguliwa huanza kupoteza harufu yake mapema. Ihifadhiwe kabatini, mbali na jiko, kifuniko kikiwa kimekazwa. Kazi nyingine zote za jikoni zinaweza kubaki kwa alizeti.